Ubani wa Isiolo na Kipando cha Dawa

Katika nyanda kavu zianziazo pembezoni mwa mji wa Isiolo na kupita Garbatulla na Merti hadi kukutana na mipaka ya Wajir na Marsabit, imeota tangu zama na zama miti yenye miiba na magome ya kijivu ambayo mgeni aipitaye kwa gari katika barabara ya Moyale huidhania kuwa kuni tu, ilhali mwenyeji anajua kwamba mmoja hutoa ubani, wa pili hutoa manemane ambayo wafanyabiashara wa Kisomali huiita malmal, wa tatu hutoa hagar, na mwingine, mgunga wa namna yake, hutoa gundi itumiwayo katika viwanda vya vinywaji na peremende pande zote za dunia. Akina mama na vijana wachungaji, wakiwafuata wanyama malishoni, hubandua utomvu uliochirizika wenyewe na kuganda juu ya gome, wakautia kirobani, na jioni huketi mkekani kuuchambua punje kwa punje: ulio mweupe na safi upande huu, ulioshikamana na maganda na mchanga upande ule, kwa maana mnunuzi hulipa kwa usafi, wala halipi kwa taabu. Kisha magunia huondoka kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi huvuka bahari, na huko ng'ambo utomvu ukakamuliwa mafuta, ukatiwa katika vichupa, ukapewa jina zuri, na kuuzwa kwa bei ambayo mchambuaji wa mkekani hataisikia maishani mwake.

Malalamiko haya msomaji amekwisha kuyasikia, na tiba iliyozoewa kutajwa ni kiwanda: tujengewe kiwanda, tuongeze thamani, tuuze mafuta badala ya utomvu. Siipingi tiba hiyo. Rai yangu ni kwamba katika karne hii thamani kubwa ya dawa itokayo mtini imehamia katika kile kinachoibeba dawa hadi mahali pa ugonjwa ndani ya mwili, na kwamba taifa litakalotunza miti yake bila kujifunza elimu ya kipando hicho litabaki kuwa mchumaji wa mataifa mengine, hata likijenga viwanda kumi vya kukamulia mafuta.

Hebu tuitazame shida yenyewe. Maji ndiyo sehemu kubwa ya damu yetu, na vitu vingi vyenye nguvu vilivyomo katika utomvu, mizizi na magome havipatani na maji. Mfano ulio mashuhuri ni wa manjano ya jikoni, ambayo ndani yake mna kitu kiitwacho kurkumini, kilichowashangaza wataalamu kwa matendo yake katika vyombo vya maabara na kuwavunja moyo kila kilipoingia katika mwili wa binadamu, kwani aghalabu hupita tumboni bila kufyonzwa, na kile kidogo kifyonzwacho ini hukivunja upesi na kukitoa. Asidi za ubani wa Uhindi na Arabuni, ambazo zimechunguzwa sana kwa ajili ya kutuliza uvimbe wa viungo, zina ila iyo hiyo. Nasema Uhindi na Arabuni kwa makusudi, maana ubani wetu wa Isiolo ni wa mti mwingine, ambao wataalamu wa mimea huuita Boswellia neglecta, na mti mmoja hauwi shahidi wa mwenziwe: yaliyothibitishwa kwa ubani wa Dhofar hayawezi kubandikwa juu ya ubani wa Merti kabla ya huo wa Merti nao kupimwa kwa mizani yake.

Hapo ndipo zilipoingia chembe za nano. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja, na unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000, ilhali chembe zitumiwazo katika utabibu aghalabu hazifiki nanomita 200. Hutengenezwa kwa mafuta, kwa protini, au kwa vitu vingine ambavyo mwili unaweza kuvivunja, na dawa hufichwa ndani yake au hushikizwa juu ya ngozi yake, kama shehena iliyofungwa barabara juu ya ngamia. Hufanya kazi mbili: huipitisha dawa isiyopenda maji katika mito ya mwili iliyo ya maji, na huwahifadhi wawili kwa pamoja, dawa isivunjwe kabla ya wakati wake, na mgonjwa asidhuriwe na dawa ambayo ikiachwa wazi ingegeuka sumu.

Wazee wetu hawakuwa na hadubini, walakini hawakuwa wajinga wa jambo hili. Wasamburu huchemsha magome na mizizi katika supu ya nyama yenye mafuta, na kwa Waborana na Wasomali samli na maziwa huandamana na dawa nyingi. Na yule anayedhani kwamba mafuta yale ni ya kuondoa uchungu mdomoni tu, na aende katika zahanati yoyote asikilize nesi anavyomwagiza mgonjwa wa malaria avimeze vidonge vya AL pamoja na chakula au maziwa. Vidonge hivyo, ambavyo Kenya imevitumia kuwa tiba ya kwanza ya malaria tangu 2006, vina artemetha itokanayo na mmea wa Kichina, Artemisia annua, na lumefantrini iliyotengenezwa viwandani, na vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye afya vilionyesha kuwa mlo wenye mafuta mengi huongeza artemetha ifikayo damuni kadiri ya mara 2, na lumefantrini kadiri ya mara 16. Mara kumi na sita! Kidonge ni kile kile, mtu ni yule yule, na tofauti yote imeletwa na mafuta ya mlo.

Na kwa kuwa nimeyataja maziwa, nijaliwe kuongeza neno moja kwa ajili ya mji ambao kila siku hupakia madumu ya maziwa ya ngamia katika mabasi yaendayo Eastleigh. Protini ya maziwa iitwayo kaseini hujikusanya yenyewe katika vifungu vidogo vya kiasi cha nanomita mia na zaidi, na vya ngamia ni vikubwa kuliko vya ng'ombe. Yaani maumbile yalikwisha kuzitengeneza chembe za nano kabla ya chuo kikuu chochote, na wataalamu wa nchi mbalimbali wamevijaribu vifungu hivyo vya kaseini kwa kuvibebesha kurkumini ile ile iliyowashinda. Sisemi kwamba dumu la maziwa ni dawa, wala simruhusu mtu yeyote alitangaze hivyo sokoni. Nasema kwamba katika kaunti moja mna utomvu unaohitaji kubebwa na mna pia kitu kiwezacho kuubeba, na vyote viwili huondoka kila siku kwa barabara moja bila mtu kuviuliza vina nini.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Isiolo imo katika kaunti ambazo ugonjwa wa kalaazar umetia makazi, pamoja na Marsabit, Wajir, Turkana, Baringo na Pokot Magharibi. Huletwa na usubi akaaye katika vichuguu vya mchwa, mahali ambapo mtoto mchungaji hupenda kuketi kivulini. Humtia homa isiyokoma, humkondesha mwili na kumvimbisha wengu hadi tumbo likamtangulia, na asipotibiwa aghalabu hufa. Tiba iliyo ya kawaida ni sindano za dawa mbili kwa siku 17, na mojawapo hutokana na madini ya antimoni, ambayo huweza kuudhuru moyo na kongosho. Kwa mama mjamzito na kwa mgonjwa aliyezidiwa hutumiwa dawa nyingine, amfoterisini, iliyogunduliwa miaka ya 1950 katika kijidudu cha udongo uliochukuliwa kando ya mto Orinoco huko Venezuela. Amfoterisini katika hali yake ya kale ni dawa kali kupita kiasi: humtetemesha mgonjwa kwa baridi na homa, na huziharibu figo. Lakini ilipotiwa ndani ya liposomu, ambazo ni vipovu vya mafuta visivyofika nanomita 100, ikapata upole ambao haikuwa nao, kwa kuwa vipovu hivyo huelekea vyenyewe katika ini, wengu na uboho, na humo ndimo vimelea vya kalaazar vilimojificha. Hiyo ndiyo AmBisome, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, na ambayo hufika nchi za kanda hii kwa msaada wa mtengenezaji wake kupitia Shirika la Afya Duniani.

Mwanachuoni mkali atanikumbusha kwamba amfoterisini haikutoka mtini, nami nakubali. Nimeitaja kwa sababu ndiyo chembe ya nano iliyo karibu zaidi na mgonjwa wa Merti, na kwa sababu ya maneno yaliyopigwa chapa juu ya kasha lake, ambayo kwangu yana uzito kuliko hotuba nyingi: ihifadhiwe katika joto lisilozidi digrii 25. Merti, adhuhuri ya mwezi wa pili, digrii 25 ni ndoto. Aliyeibuni dawa ile hakuwa na kosa, kwa maana aliibuni akiwa katika nchi ambayo joto hilo ni la kawaida; lakini laiti kipando kile kingalibuniwa na mtu aliyelelewa Garbatulla, swali lake la kwanza lingalikuwa juu ya jua. Hili ndilo jambo linalopotea tunapodhani kuwa elimu ya kipando ni anasa ya wenzetu: kipando hubeba ndani yake hali ya hewa ya mtu aliyekibuni.

Anayetaka mfano uliotoka mtini moja kwa moja, na autazame Homa Bay, ambako mnamo Septemba 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyokuwa imejaribiwa kabla ya hapo katika nchi saba za Afrika, na Kilifi, Siaya na Kombewa zikiwamo. Protini ya kimelea iliyomo katika chanjo ile ni dhaifu ikiwa peke yake, haiamshi kinga ya kutosha, na kwa hiyo husindikizwa na liposomu zilizobeba kitu kinachotokana na bakteria na kingine kitokacho katika gome la mti wa Chile, Quillaja saponaria, ambao wenyeji wa huko wamelitumia gome lake kama sabuni tangu kale. Kitu hicho cha gome, QS-21, kikiachwa kitupu hupasua chembe nyekundu za damu. Kikitiwa katika liposomu pamoja na kolesteroli hutulizwa, kikabaki na faida yake bila shari yake. Chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa mahali pengine na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo husindikizwa na chembe za nano zilizofanywa kwa gome lilo hilo. Basi mtoto wa Nyanza hukingwa malaria kwa gome la mti wa Chile, na hapana aliyemwambia mama yake anywe chai ya gome hilo. Na kama angaliambiwa, angalidhuriwa.

Habari ya paklitakseli, dawa ya saratani, nitaipita kwa haraka. Ilitoka katika gome la mti wa Marekani, ikatangazwa na Monroe Wall na Mansukh Wani mwaka 1971, ikaidhinishwa kwa saratani mwaka 1992 ikiwa imeyeyushwa katika mafuta yaliyosababisha mzio mkali hata ikabidi mgonjwa atangulizwe dawa nyingine za kumlinda. Mwaka 2005 ikatoka tena kwa jina la Abraxane, imefungwa katika protini ya damu kwa chembe za nanomita 130 hivi, na dripu iliyokuwa ya saa 3 ikawa ya nusu saa. Bei nayo ikapanda mara nyingi. Mgonjwa wa Isiolo anayepanda gari kwenda Meru au Nairobi kutibiwa saratani bado hukutana, aghalabu, na ile ya kale.

Nisidhaniwe kuwa mpiga debe wa nano. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani itokayo katika ua la Bukini, lile lioteshwalo kwa uzuri wake katika nyua nyingi za pwani yetu, ilitiwa katika liposomu na kuidhinishwa Marekani mwaka 2012, kisha idhini ikaondolewa 2022 kwa sababu manufaa yaliyotakiwa kuthibitishwa hayakuthibitishwa. Aidha, katika vyuo vyetu, na vya nchi nyingine, umezuka mtindo wa kuyachemsha majani ya mti huu au ule pamoja na chumvi ya fedha, kupata chembe za nano za fedha, kuziua bakteria chache katika kisahani, na kuandika makala ya kuombea cheo. Na fedha hiyo itakavyokaa katika ini la binadamu, au itakavyotoka, hapana anayeuliza. Mzaha huo wa kielimu nauchukia kuliko ujinga, kwa kuwa ujinga hauvai joho.

Na liko la hatari zaidi. Mwaka 2011 makumi ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwamo, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzizi kwa mchungaji mstaafu wa kanisa, kwa shilingi 500 za Tanzania. Wako walioacha dawa zao za hospitali kwa matumaini ya kikombe kile, na wako waliofia foleni. Imani ile haikufa pamoja na foleni. Leo ikipewa chupa yenye maandishi ya nano itafufuka na mavazi mapya, na muuzaji atakayepata neno hilo hatahitaji tena kuthibitisha lolote. Mtu yeyote auzaye dawa ya miti kwa jina la nano na aonyeshe namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, au aifunge meza yake.

Nakuja katika suala la haki, ambalo ndilo lililonipa kalamu. Mnamo 1992 vijidudu vilichukuliwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo, na kampuni ya ng'ambo ikapata humo kimeng'enya cha kutumiwa viwandani; Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipoanza kudai fungu la nchi mwaka 2004, mali ilikuwa imekwisha kuvuka. Ilimchukua Mkenya miaka kumi na miwili kugundua kwamba ameibiwa kitu asichokiona kwa macho. Sasa fikiri juu ya utomvu unaoonekana, unaojaa magunia, unaouzwa mchana kweupe na mwenyewe kwa risiti: aliyeununua kihalali akautia katika liposomu na kuusajili kwa jina lake, utamdai kwa hoja gani? Gunia alililipa. Alichokisajili ni kipando, na kipando hukumwuzia wewe.

Hapa hutokea mtu mwenye busara akasema kwamba kaunti ambayo wanawake wake hutembea mwendo mrefu kutafuta maji haina nafasi ya kuzungumza habari za sehemu ya bilioni ya mita. Nampa heshima yake, lakini sikubaliani naye, maana hapana anayeiomba Isiolo ijenge maabara ya mabilioni. Nairobi ipo KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, yenye kituo cha utafiti wa dawa za asili. Ipo KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ambayo imeshughulika na gundi na utomvu wa nchi kavu kwa miaka mingi. Na hapa jirani kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Arusha ametutangulia Profesa Hulda Swai, Mtanzania aliyefanya kazi katika baraza la utafiti la CSIR huko Afrika Kusini akizitia dawa za kifua kikuu ndani ya chembe za nano, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Jambo linalotakiwa Isiolo ni dogo na liko ndani ya uwezo wake: utomvu upimwe kwa mti, kwa mahali na kwa msimu, ili ijulikane ubani wa Merti una nini ambacho ubani mwingine hauna, vijana wachache wa Kiborana, Kisamburu, Kisomali, Kiturkana na Kimeru walipiwe ada wasomee ufamasia na kemia ya vipando vya dawa, na kila mtafiti ajaye na mfuko wa sampuli asaini kwanza, kabla ya kupewa punje moja, kwamba kipando atakachokibuni kwa utomvu huo kitakuwa na fungu la jamii iliyoutoa.

Sheria ya kumwezesha mtu kudai hayo ipo. Kanuni za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira zinamtaka mtafiti apate kibali na ridhaa kabla ya kuchukua mali ya viumbe hai vya nchi hii, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezikabidhi serikali za kaunti wajibu wa kufungua na kutunza daftari la maarifa ya watu wao. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Isiolo, bajeti ijayo itakapowekwa mezani, ulizeni daftari hilo liko chumba gani, nani ana ufunguo wake, na ubani umeandikwa katika ukurasa wa ngapi. Na kama halijafunguliwa, litengeeni fungu lifunguliwe mwaka huu, na mama anayechambua utomvu mkekani awe wa kwanza kuitwa kutoa maelezo.